Mililita moja ya maji ya mgongo: wino, stripu au kuotesha?

Kichupa kinafika dirishani saa kumi jioni, muuguzi aliyekileta bado kavaa glavu. Ndani mna maji kidogo, meupe, mililita moja au moja na nusu ukiwa mkarimu. Fomu imejazwa kwa haraka: mwanamume, miaka 34, kichwa kinauma wiki mbili, shingo ngumu, ana VVU, dawa aliacha. Kwenye sehemu ya kipimo kinachoombwa kumeandikwa "maji ya mgongo", basi. Apimwe nini, daktari hakusema. Hayo ameniachia mimi na mililita yangu.

Nimeanza na kichupa kwa sababu swali ninaloulizwa sana na wenzangu wanaoandaa oda za vitendanishi huja kana kwamba tuko dukani: tununue stripu za CrAg (kipimo cha haraka cha fangasi aitwaye kriptokokasi), au wino wa kumtazamia kwa darubini unatosha? Wengine, hasa waliotoka chuoni juzi, huuliza kwa nini tusioteshe tu, yaani kumkuza fangasi kwenye sahani, si ndicho kipimo cha kuaminika? Ukilinganisha bei peke yake utakosea, maana vipimo hivi havigombanii bajeti tu. Vinagombania maji yale yale machache, na kila kimoja kinatafuna kiasi chake.

Mtuhumiwa wa kwanza kwa mgonjwa wa namna hii ni kriptokokasi, fangasi wa jamii ya chachu anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege kama njiwa. Tunamvuta kwa pumzi bila kujua, na mwenye kinga nzuri humzima. CD4, yaani hesabu ya seli za kinga ambazo VVU huziharibu, ikishuka chini ya 100, fangasi anapanda kwenye ubongo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yanasema watu wapatao 152,000 wenye VVU huugua homa ya uti wa mgongo ya fangasi huyu kwa mwaka duniani, na 112,000 wanakufa; karibu kifo kimoja kati ya vitano vinavyotokana na UKIMWI. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, na kriptokokasi yuko kwenye kundi la juu kabisa.

Wino

Wino wa India ni kipimo cha mabibi na mababu, na kwa bei hakuna kinachoushinda. Ujanja wake ni kwamba haumpaki rangi fangasi. Unapaka rangi kila kilichomzunguka. Kriptokokasi amejivika ganda nene la utelezi ambalo chembe za wino hazipenyi. Unaweka tone la maji ya mgongo kwenye slaidi, tone dogo la wino pembeni, unachanganya kwa ncha ya kijiti, unafunika kwa kioo chembamba, unatazama. Akiwepo, utaona giza totoro na ndani yake miduara inayowaka, kama karabai za wavuvi wa dagaa unazoziona ziwani usiku ukiwa Mwanza.

Uzuri huo ndio unaotuponza. Seli nyeupe za damu nazo husukuma wino kidogo pembeni, zikaonekana zina duara. Ukitulia utaona duara lake lina kingo zilizofifia, na ndani hakuna ukuta unaong'aa. Kiputo cha hewa hakina kitu katikati. Tone la mafuta vilevile. Wino ukiwa mzito mwanga haupiti, ukauona weusi mtupu na kuandika hasi. Mimi sisaini chanya mpaka nimwone anayechipua: mama mkubwa na mtoto mdogo amemng'ang'ania ubavuni, wote wawili ndani ya ganda moja. Seli ya damu haichipui.

Mtego mwingine sikufundishwa darasani. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, wiki moja tulipata chanya tatu kutoka wodi tatu tofauti. Ya tatu ilikuwa ya mtoto asiye na VVU, ambaye kila dalili yake ilikuwa ya bakteria. Nikakaa na ile slaidi muda mrefu. Mwishowe nikachukua slaidi mpya, nikaweka tone la maji safi yasiyo na mgonjwa yeyote ndani yake, nikaongeza wino. Karabai zikawaka. Fangasi walikuwa ndani ya chupa ya wino. Mtu alikuwa amegusisha kitoneshi kwenye sampuli chanya, kisha akakirudisha chupani, na wao hawakuona sababu ya kufa. Tangu siku hiyo kila Jumatatu asubuhi napima wino wangu kwa maji safi kabla ya kuugusa mgongo wa mtu, na wino naumimina kwenye vichupa vidogo, kubwa haifunguliwi ovyo.

Sasa namba. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa sampuli za kati ya 2006 na 2012, watu 832 wenye VVU walioshukiwa homa ya uti wa mgongo, wino ulimkamata fangasi kwa asilimia 86 ya waliokuwa naye. Unawakosa 14 katika kila 100, na hiyo ni mikono ya watafiti, si ya mtu aliyekesha zamu mbili. Kibaya zaidi ni nani wanaokosekana. Fangasi wakiwa chini ya 1,000 kwa mililita, wino huwakamata asilimia 42 tu. Hao ndio waliowahi kuja, wenye nafasi kubwa ya kupona. Wino unamwona vizuri yule aliyechelewa.

Unaweza kuusaidia kwa kuzungusha maji kwenye sentrifuji na kutazama mashapo, na ninashauri hivyo. Lakini kuzungusha kunataka mililita kadhaa, na sisi tunayo moja.

Stripu

Stripu ya CrAg inatafuta sukari za lile ganda, ambazo fangasi huzimwaga kwa wingi kwenye maji ya mgongo na kwenye damu. Aliyewahi kupima VVU au malaria kwa kipimo cha haraka hatahitaji mwalimu. Tone moja la kimiminika cha kuchanganyia kwenye kijichupa, maikrolita 40 za sampuli (maikrolita elfu moja ndiyo mililita moja), unasimamisha stripu ndani, dakika 10. Mistari miwili, chanya. Mmoja wa juu peke yake, hasi. Hakuna wa juu, stripu mbovu, rudia. Haitaki friji, haitaki umeme, haitaki darubini.

Kwenye utafiti ule ule, stripu iliwakamata asilimia 99.3 ya wagonjwa, na iliwaacha kwa haki asilimia 99.1 ya wasiokuwa naye. Marekani iliidhinisha kipimo hiki mwaka 2011, na kwa kazi yetu sijui kitendanishi kingine kilichobadilisha mambo haraka namna hiyo. Kabla yake kulikuwa na kipimo cha lateksi, kile cha kuchanganya matone na kusubiri yagande. Kinafanya kazi, ila kinataka friji, kuchemsha sampuli, na jicho lililozoea. Kama bado unacho, kimalizie. Usikiagize tena.

Tazama tena kiasi: maikrolita 40. Ukiwa na mililita moja, umetumia sehemu moja ya 25, na zaidi ya tisini na tano kwa mia ya maji yako bado yapo. Ningekuwa na hoja hii peke yake kuitetea stripu, ingenitosha.

Inapokosea, inakosea kwa namna tatu ambazo lazima mpokeaji wa majibu azijue.

Kwanza ni msomaji wake. Mstari hafifu ni chanya. Nimeona watu wakiinua stripu dirishani, wakikodoa macho, wakaandika "hasi, ina kivuli". Hakuna kivuli. Ukiona mstari ndani ya muda uliowekwa, mgonjwa anaye. Na ukiisahau ukairudia baada ya saa nzima, ulichokisoma si jibu.

Pili, sukari zikizidi mno, kipimo hulemewa na mstari wa mgonjwa usitokee. Ni nadra, lakini hutokea kwa yule mgonjwa mbaya kuliko wote, ambaye wino wake umejaa miduara hadi pembezoni. Stripu hasi, wino umefurika: ichimue sampuli kwa maji ya chumvi, urudie. Utashangaa mstari unavyojitokeza. Ndiyo sababu sijatupa wino wangu.

Tatu, stripu haijui kama fangasi ni hai. Sukari zile hubaki mwilini miezi, hata zaidi ya mwaka, baada ya mtu kutibiwa akapona. Mgonjwa wa mwaka jana akirudi na kichwa kinauma, stripu yake itakuwa chanya hata kama kinachomuuma leo ni kitu kingine kabisa. Kumwanzishia tena dawa nzito kwa mstari huo pekee ni kubahatisha.

Kwa upande wa pili, stripu inafanya jambo ambalo wino hauwezi hata kwa ndoto: inapima damu. Sukari za ganda huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kwa hiyo mtu mwenye CD4 chini ya 100 anaweza kupimwa akiwa anatembea, kabla hajawa mgonjwa wa kubebwa, na akikutwa chanya atolewe maji ya mgongo kuhakikisha fangasi hajafika huko, kisha apewe flukonazoli, dawa ya fangasi, ya kuzuia. Dar es Salaam na Lusaka walijaribu hili kwa watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200: kipimo cha CrAg pamoja na watu wa kawaida waliofunzwa kuwatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo za ARV. Vifo vilipungua kwa asilimia 28 katika mwaka mmoja. Matokeo yalitoka 2015. Huwezi kusema ni stripu peke yake iliyofanya kazi hiyo, maana miguu ya wale wahudumu ina sehemu yake, lakini ukiwa unamshawishi mhasibu wa hospitali, taja utafiti huu.

Hapa pia ndipo linapoyeyuka lile tatizo la tarehe za kuisha. Boksi lina stripu 50. Hospitali inayotoa maji ya mgongo mara tatu kwa mwezi inaogopa zitaozea kabatini, na kwa hesabu hiyo ina haki. Ila kliniki ya VVU iliyo mita hamsini kutoka maabara ina watu wenye CD4 ndogo kila wiki. Agizeni pamoja.

Kuotesha

Vijana wa chuoni wana hoja. Kuotesha ndiko kunakokuonyesha kiumbe chenyewe, kikiwa hai, kikiota makundi ya rangi ya malai kwenye sahani ya Sabouraud (yenye chakula cha kukuzia fangasi), makundi yenye utelezi kiasi kwamba ukiinamisha sahani yanataka kutiririka. Lakini kwenye utafiti ule ule, kipimo kinachoitwa cha kuaminika kiliwakamata asilimia 94.2 walipopandikiza maikrolita 100, na asilimia 82.4 walipopandikiza 10. Rudia kuisoma hiyo. Sahani moja, mgonjwa yule yule. Ukitumia kitanzi kidogo cha kawaida unakuwa chini hata ya wino. Kilichobadilika ni wingi wa maji tu.

Halafu muda. Makundi huonekana kati ya siku tatu na saba, na huandiki hasi kabla ya wiki mbili. Mgonjwa wetu wa saa kumi jioni hana wiki mbili. Umeme ukikatika wikendi na inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, ikapoa, huna hata hizo.

Kwa kumtambua mgonjwa wa leo, basi, kuotesha fangasi ni anasa katika hospitali ya wilaya. Kuna mahali pawili ambapo si anasa. Pa kwanza nimeshapataja: mgonjwa aliyerudi. Wino utaonyesha maganda ya waliokufa, stripu itaonyesha sukari zao, sahani pekee ndiyo itakayosema kama kuna anayezaa. Sampuli ya mtu huyo, kama maabara yako haioteshi, isafirishwe kwenda inakooteshwa.

Pa pili ni utafiti, na hapa nitachepuka kidogo kwa sababu ni habari ya kwetu. Mtu anapohesabu makundi kwenye sahani siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, anapata mstari unaoshuka: dawa inaua fangasi wangapi kwa siku. Kwa mstari huo, wagonjwa 80 wa Tanzania na Botswana walitosha kuonyesha, kwenye matokeo yaliyotoka 2019, kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini, dawa ya fangasi, iliyofungwa kwenye mafuta inawaua fangasi kwa kasi isiyopungua ile ya dozi za kila siku kwa wiki mbili. Bila sahani na watu waliokaa kuhesabu vidoa hivyo kimoja kimoja, hakuna ambaye angethubutu kujaribu dozi moja kwa mamia ya watu. Wakajaribu: watu 844 wa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Baada ya wiki 10, waliokufa kwenye kundi la dozi moja walikuwa asilimia 24.8, na kwenye kundi la wiki nzima ya amfoterisini ya zamani asilimia 28.7, huku sumu ya dawa ikiwa ndogo zaidi kwenye dozi moja. Ilichapishwa 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa tiba ya kwanza: miligramu 10 kwa kilo mara moja, pamoja na flusaitosini na flukonazoli kwa siku 14.

Aliyewahi kumwekea mtu amfoterisini ya zamani wodini anajua uzito wa habari hiyo. Ile dawa inamtetemesha mgonjwa kitandani, inachoma mishipa, inashusha potasiamu, inaumiza figo. Na bado kuna mtu huichanganya na maji ya chumvi badala ya dekstrozi (maji ya sukari), ikaganda ndani ya chupa.

Asipokuwa fangasi

Nimezungumza kana kwamba mtuhumiwa ni mmoja. Kasoro kubwa ya stripu ni kwamba ina jicho la kuona kitu kimoja tu duniani. Ikitoka hasi, wengine wanaandika "CrAg hasi" na kufunga daftari, na mililita iliyobaki inamwagwa. Hapo hasira hunipanda.

Homa ya uti wa mgongo ya bakteria inaua kwa saa. Rangi za Gram, ambazo Hans Christian Gram wa Denmark alizitangaza mwaka 1884, bado zinakupa jibu kabla chai haijapoa: nyumokokasi, zambarau, wawili wawili, wamechongoka ncha, meningokokasi, waridi, wawili wawili kama mbegu za buni zilizotazamana. Unahitaji tone. Hesabu ya seli nayo inahitaji tone. Hesabu hiyo isikudanganye, ingawa: mwenye kriptokokasi na CD4 ndogo anaweza kuwa na maji safi yasiyo na seli hata kidogo, kwa sababu hana askari wa kupeleka. Maji meupe kama ya kisima hayamaanishi hana ugonjwa.

Kwa bakteria, kuotesha si anasa. Ndiko pekee kutakakokuambia dawa ipi inawaua, na siku hizi usugu haubahatishwi. Ila kuna mambo mawili yanayofanya sahani zetu zitoke tupu. La kwanza ni friji. Mtu mwema anapokea sampuli usiku, anaiweka baridi "isiharibike", na asubuhi nyumokokasi na meningokokasi wameshakufa. Maji ya mgongo ya kuoteshwa hukaa kwenye joto la chumba au kwenye inkubeta. La pili ni damu tunayotengenezea sahani. Penye uhaba wa damu ya kondoo watu hutumia ya benki ya damu iliyokwisha muda, na damu ya binadamu mara nyingi ina dawa na kinga za kuzuia vijidudu vile vile tunavyotaka viote. Kama huna kondoo, chemsha kiasi damu uliyonayo utengeneze sahani ya chokoleti (jina ni la rangi yake tu), uiweke ndani ya chombo chenye mshumaa unaowaka ukifunikwa mpaka uzime. Ni ya kizamani, inafanya kazi.

Kifua kikuu cha ubongo ndicho kigumu kuliko vyote. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu, katika kizazi chake kipya kiitwacho Ultra, ilipojaribiwa Uganda kwa wenye VVU, iliwakamata asilimia 70 ya waliohesabiwa kuwa nacho, wakati mashine ya zamani na kuotesha viliambulia asilimia 43 kila kimoja. Ni hatua kubwa, lakini tatu kati ya kumi bado wanapita. Ultra hasi haimwondolei mtu kifua kikuu. Na ndiyo yenye njaa kuliko vipimo vyote: inataka maji mengi, yaliyozungushwa, mashapo yote.

Ninavyoigawa

Mililita moja, basi. Stripu kwanza, maikrolita 40. Ikiwa chanya kwa mtu ambaye hajawahi kutibiwa, napiga simu wodini kabla sijaandika, maana dawa ianze leo na ARV zisubiri wiki nne hadi sita. Hilo la kusubiri lilitoka kwenye utafiti wa Uganda na Afrika Kusini mwaka 2014: walioanzishiwa ARV mapema walikufa asilimia 45 ndani ya wiki 26, waliosubirishwa asilimia 30. Kosa la haraka yenye nia njema.

Kisha tone la Gram, tone la seli, tone la wino. Maikrolita 100 kwenye sahani ya chokoleti hata kama stripu ni chanya, kwa sababu mtu anaweza kuugua mawili. Stripu ikiwa hasi, kinachobaki chote, hadi tone la mwisho, ni cha Ultra.

Ukiniambia una pesa ya kitu kimoja tu, nunua stripu. Hilo silifikirii mara mbili. Kama tayari una darubini, wino ni nyongeza ya bei ya soda, ubaki nao kama shahidi wa pili. Pesa ikiongezeka, usikimbilie sahani za Sabouraud. Weka kwenye sahani za bakteria zilizotengenezwa vizuri na mtu wa kuzisoma. Kuotesha fangasi kuwe kwa hospitali ya rufaa, na wewe uwe na makubaliano ya usafiri wa sampuli yanayofanya kazi hata Ijumaa mchana. Mahali pasipo na maabara kabisa, stripu kwenye mkoba wa mganga ni bora kuliko sahani iliyo kilomita 200.

Lakini kabla ya kununua chochote, nenda wodini ukaombe maji zaidi. Tatizo la mililita moja tumelitengeneza wenyewe. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji haya, na mwili hutengeneza karibu 500 kwa siku. Ukichukua 10, nusu saa hivi zimerudi. Ndugu wa mgonjwa wanakataa kwa sababu wamesikia kwamba ukitolewa maji mgongoni unapooza au unakufa. Na kweli wamewaona waliokufa, kwa kuwa walikubali wakati mgonjwa ameshazimia. Ukiwaeleza hiyo ya nusu saa, huku umekaa nao kwenye benchi badala ya kusimama mlangoni, wengi wanasaini. Mama mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mwanangu ni kama kisima?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni kama kisima.

Na kuyatoa ni tiba. Kriptokokasi huziba njia ya maji haya ya kutoka, presha kichwani ikapanda. Hiyo ndiyo inayoleta maumivu yasiyosikia panadol, upofu, uziwi, na vifo vya ghafla. Uganda na Afrika Kusini walifuatilia wagonjwa 248: waliotolewa maji walau mara moja zaidi baada ya lile la kwanza la kupima hatari yao ya kufa siku 11 za mwanzo ilikuwa pungufu kwa asilimia 69, hata kwa wale ambao presha yao haikuwa juu.

Kifaa cha kupima presha hiyo mara nyingi hakipo. Daktari mmoja kijana nilimwona akitumia mrija wa dripu usio na kitu ndani, ameuunganisha kwenye sindano mgonjwa akiwa amelala ubavu, ameusimamisha wima kando ya rula ya mwanafunzi, ile ya sentimita 30, sifuri ikiwa usawa wa uti wa mgongo. Maji yakapanda taratibu. Zaidi ya 25 ni juu, unatoa mpaka yashuke chini ya 20, bila kuzidi mililita 30 kwa mara moja. Yale yalipanda mpaka yakaipita rula. Aliponiuliza aandike namba gani nikamwambia aandike "zaidi ya 30", aendelee kutoa, na mililita tano katika hizo aniletee mimi.